Maji Yale Yale, Mizani Mbalimbali: Ngarambe katika Utenzi na katika Tamthilia

Mohoro ni mji mdogo wa kusini mwa delta ya Rufiji. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, tarehe 4 Agosti 1905, kwa kosa la uhaini. Vita vilivyokuja kubeba jina la maji yake vilikuwa havijatimiza hata mwezi mmoja. Mwenyewe hakuviona vikienea hadi Mahenge na Ungoni. Hakuziona bunduki za rashasha zikiyajaribu maji yake, wala hakuiona njaa iliyofuata. Alichokiacha ni neno, na neno hilo tangu siku ile limekuwa likisemwa na wengine, kila mmoja kwa namna yake.

Wawili miongoni mwa waliolisema wanastahiki kuwekwa pamoja, ijapokuwa ni nadra kuwekwa hivyo. Wa kwanza ni Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, mtunzi wa Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, uliochapishwa Ujerumani mwaka 1933 na kutolewa tena mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Wa pili ni Ebrahim Hussein, mwana wa pwani hiyo hiyo ya kusini, ambaye tamthilia yake, Kinjeketile, ilitoka mwaka 1969, na yeye mwenyewe akaifasiri kwa Kiingereza mwaka uliofuata. Wote wawili ni watu wa Kiswahili cha pwani. Khabari walizozipata juu ya maji ya Ngarambe hazitofautiani sana. Hata hivyo, mmoja ameona hadaa pale ambapo mwengine ameona kuzaliwa kwa taifa.

Jawabu ambalo aghlabu hutolewa ni kwamba Abdul Karim alitunga chini ya bendera ya Mjerumani na Hussein akaandika chini ya bendera ya Uhuru, kwa hivyo kila mmoja alisema lile lililoruhusiwa wakati wake. Jawabu hili lina chembe ya ukweli, na lina uvivu pia, kwani linamfanya mshairi kuwa kasuku. Tena halielezi kwa nini watu wanaokaa chini ya bendera moja, wanaokula sinia moja na kusali msikiti mmoja, huendelea kugawanyika wakivizungumza vita hivi. Lililo karibu zaidi na ukweli ni kwamba kila msemaji na kila msomaji huja na mizani yake. Yuko aliyefunzwa tangu utotoni kuwa jambo la kwanza ni usafi wa imani. Yuko aliyefunzwa kuwa la kwanza ni hishima. Yuko anayetanguliza amani, na yuko anayetanguliza haki. Hakuna katika hayo lililo baya, na aghlabu mtu mmoja huwa nayo yote. Kinachowatenga watu ni lipi limewekwa mbele na lipi limewekwa nyuma. Hapo ndipo siasa ya mtu inapozaliwa, kabla hata hajalijua jina la chama chochote. Na hapo ndipo inapozaliwa pia namna yake ya kuisoma tungo.

Mizani ya mtunga utenzi

Haifai kuusoma utenzi bila ya kukumbuka utenzi ni kitu gani. Bahari hii imerithiwa kutoka kwa watunzi waliosimulia vita vya Mtume na masahaba zake: ubeti wa vipande vinne, vitatu vya mwanzo vikigongana kwa kina kimoja, na cha nne kikibeba kina kinachopita utenzi mzima. Kwa kawaida mtunzi huanza kwa jina la Mungu, husimulia kama shahidi, na hufunga kama mtoa wasia. Sauti hiyo si chombo kitupu kinachosubiri kutiwa chochote. Ndani yake imo tayari imani kwamba ushindi hutoka kwa Mwenyezi Mungu, na kwamba anayedai kuigeuza risasi kwa dawa ya maji na mtama amejitia katika jambo lisilokuwa lake. Mtunzi anayeishika bahari hii amekwisha kuyapima maji ya Ngarambe kabla ya kuandika ubeti wake wa kwanza.

Ndiyo maana si haki kumwita Abdul Karim kibaraka, kisha mazungumzo yakaishia hapo. Kitabu cha José Arturo Saavedra Casco, kilichotoka mwaka 2007, kimezipitia tena tenzi za enzi ya Mjerumani na kukataa wazo la kuwa watunzi wake walikuwa wapiga zumari wa serikali tu. Katika mila aliyokulia mtunzi wa Lindi, fitina ni janga lisilochagua mwema na mwovu, na anayewapeleka watu kwenye mauti kwa ahadi asiyoweza kuitimiza ana la kujibu mbele ya Mola wake. Hii ni mizani yenye adili. Inatanguliza imani, na baada ya imani inatanguliza usalama wa roho za watu.

Na matokeo, kwa upande mmoja, yaliipa mizani hiyo haki yake. Maji hayakuzuia risasi. Serikali ya Gavana Götzen ilivizima vita kwa kuchoma vijiji, mashamba na maghala ya nafaka, mpaka njaa ikawa silaha kubwa kuliko bunduki. Waliokufa hukisiwa kuwa 75,000 kwa hesabu za Wajerumani, na kufikia baina ya 250,000 na 300,000 kwa hesabu za mwanahistoria Gilbert Gwassa. Wengi wao hawakuuliwa na risasi. Mtu aliyeziona nyika tupu baada ya mwaka 1907, akauliza ni nani aliyewaambia watu hawa kuwa hawatakufa, hakuuliza swali la kitumwa.

Lakini mizani hiyo ina tundu. Anayeusoma utenzi huu huisikia ndani yake sauti ya mtu wa mji anayewatazama watu wa mashamba na misitu, na katika mji wa pwani wa zama zile palikuwa na neno moja, ushenzi, lililotosha kuwafunika watu wote hao. Neno lile lilikuwa pia na manufaa ya kidunia. Wengi wa maakida walioletwa na Mjerumani kuwatawala Wamatumbi na Warufiji walikuwa watu wa pwani, Waislamu, wajuzi wa kusoma na kuandika. Tangu mwaka 1902, serikali ilipoanza kuwalazimisha wanavijiji kulima mashamba ya pamba ya pamoja, amri ilitoka kwa Mzungu, lakini aghlabu aliyeitekeleza alikuwa ni akida, na chini yake jumbe. Mkulima wa Nandete aliyeing'oa miche ya pamba mwezi Julai 1905 hakuwa akishindana na aya yoyote wala na msikiti wowote. Alikuwa akishindana na mtu aliyemchapa. Mizani inayopima usafi wa imani tu huiona dawa aliyoinywa mkulima huyo, na makovu ya mgongoni mwake huyapita haraka.

Mizani ndani ya Kinjeketile

Ebrahim Hussein anaanza kwa kutahadharisha kwamba Kinjeketile wake si Kinjikitile wa historia. Ni kiumbe cha ubunifu, na hata tahajia ya jina inawatenga. Tahadhari hii imesahauliwa na wengi waliokisoma kitabu hiki skuli. Wamekisoma kama risala ya sifa, na mwalimu amewaandikia ubaoni: Kinjeketile ni shujaa, maudhui ni umoja. Yote mawili ni kweli, na yote mawili hayatoshi.

Mchezo unaanzia penye dhiki ya nyumbani, katika mazungumzo ya wanawake ambao waume zao wanatolewa jasho na shamba la Mjerumani. Kisha Kinjeketile anachukuliwa na pepo Hongo ndani ya mto, na anarudi akiwa na habari ya maji. Makabila ambayo jana yalikuwa yakitiliana shaka yanakusanyika mahali pamoja na kuanza kujiita watu wamoja. Jambo hili hakuna mbinu nyengine iliyoweza kulifanya. Mwandishi halifichi, wala halikebehi: maji yaliwaunganisha watu kwa kweli, hata kama hayakuwa na uwezo wa kuzuia risasi. Kweli moja imebebwa na kisicho kweli, na hapo ndipo ugumu wa tamthilia nzima unapokaa.

Hussein hakuwagawa watu wake kuwa wema upande huu na waovu upande ule, ukimtoa Mjerumani na askari wake. Amewagawa kwa mizani. Umma unatanguliza hishima. Wamefanywa wanyonge mbele ya wake zao na watoto wao, na kwao kungoja siku moja zaidi ni kuongeza siku moja ya aibu. Kitunda, kamanda, anatanguliza maisha ya vijana atakaowaongoza. Anataka mafunzo, anataka hadhari, anataka kujua silaha inafanya kazi kabla ya kuitegemea. Kinjeketile anatanguliza ukweli. Jinsi siku zinavyokwenda ndivyo anavyozidi kujiuliza kama yale aliyoyasema ni yake, ni ya Hongo, au ni ya mtu mwengine kabisa. Anawaomba watu wasubiri. Watu hawasubiri, kwa sababu neno limekwisha kumtoka na kuwa lao. Kutokana na mizani hizi tatu zinatoka siasa tatu: umma unataka kupigana leo, kamanda anataka jeshi kwanza, na mwenye neno anataka kwanza kuwa na yakini. Hakuna aliyemsaliti mwenziwe. Mauti ya Mahenge yanatokana na watu wenye nia njema ambao hawakukubaliana lipi litangulie.

Mahusiano ya Kinjeketile na Kitunda yanastahiki kusomwa kwa utulivu zaidi ya ilivyo kawaida, kwani hapo siasa inaingia katika urafiki. Mtu anaweza kumpenda mwenziwe, akamwamini kwa mali yake na watoto wake, na bado asiweze kusimama naye mahali pamoja siku ya uamuzi. Kila nyumba ya pwani inalijua jambo hili. Ndugu wawili waliolelewa na mama mmoja hutoka wamepishana, si kwa kuwa mmoja kafunzwa wema na mwengine uovu, bali kwa kuwa katika wema ule ule waliofunzwa kila mmoja kashika ncha yake.

Jina la Seyyid Said

Lipo pahala katika tamthilia ambapo msomaji wa visiwani hawezi kupapita kwa haraka. Katika maneno yanayomtoka Kinjeketile akiwa amepandwa, imo ahadi kwamba watu wake watakuwa wana wa Seyyid Said. Ahadi hii Hussein hakuizua. Wazee waliohojiwa na Gwassa katika miaka ya 1960 waliikumbuka kuwa ni sehemu ya mafundisho ya Ngarambe. Seyyid Said alikuwa amefariki mwaka 1856, karibu nusu karne kabla ya vita, lakini kwa mkulima aliyekuwa chini ya mjeledi wa pamba jina lake lilibaki kuwa jina la mtawala wa mbali, na mtawala wa mbali huwa mwepesi kuliko aliye shingoni.

Kinjeketile wa tamthilia anapozinduka na kuambiwa alichokisema anashtuka. Anatambua kuwa amewaahidi watu uhuru ambao mwisho wake ni bwana mwengine. Hapa ndipo shaka yake inapoanza kumla. Ni moja katika nyakati kubwa za tamthilia ya Kiswahili, kwa sababu mtu anaisikia sauti yake mwenyewe na haitambui.

Sasa na asomewe msomaji wa Unguja au wa Pemba. Yuko ambaye nyumbani kwao jina la Seyyid Said lilitajwa pamoja na dola, elimu na kadhi. Yuko ambaye nyumbani kwao lilitajwa pamoja na shamba la mikarafuu na babu aliyeletwa kutoka bara kwa jahazi la Kilwa. Wa kwanza atausikia mshtuko wa Kinjeketile kama tusi. Wa pili atausikia kama haki iliyochelewa kusemwa. Kitabu ni kimoja na mstari ni ule ule. Wasomaji hawa wawili hawatofautiani katika ujuzi wa Kiswahili wala wa tarikh. Wanatofautiana katika kile walichofunzwa kukionea uchungu kwanza. Mwaka 1964 haukuanzisha tofauti hiyo. Uliikuta, ukaipa damu. Uhakiki hauwezi kuiondoa, lakini unaweza kumwonyesha kila mmoja kuwa anachokiita maana ya mstari, nusu yake amekuja nayo kutoka kwao.

Aliyekataa kukana

Onyesho la mwisho liko gerezani. Wameshindwa. Kinjeketile anatakiwa aseme kuwa maji yalikuwa uongo. Lenye uzito ni kwamba anayemsihi aseme hivyo si Mjerumani peke yake. Kitunda naye anamtaka aseme. Naye hataki kumridhisha adui. Anataka kweli isemwe kwa ajili ya waliokufa wakiliita jina la maji. Kinjeketile anakataa. Anaona kuwa neno hilo likitoka kinywani mwake halitabaki kuwa juu ya maji tu. Litafundishwa watoto kuwa kupigana kwenyewe ndiko kulikokuwa kosa.

Mtu aliyekuwa akitanguliza ukweli tangu mwanzo wa mchezo anauhitimisha kwa kukataa kulisema lililo kweli. Amebadili mizani. Amekiweka mbele kizazi kitakachokuja, na ukweli wa siku ile akauweka nyuma. Je, huu ni utukufu au ni hadaa ya mwisho? Wengi waliofundishwa kitabu hiki wameambiwa ni utukufu. Lakini Hussein hakumfanya Kitunda kuwa msaliti, wala hakumpa Kinjeketile jawabu linalomfunga mwenziwe kinywa. Kitunda anabaki na hoja yake, na hoja yake inabaki na uzito.

Na hapa ndipo faida ya kuvisoma vitabu hivi viwili pamoja inapodhihirika. Swali la Kitunda ndilo swali la utenzi: ni nani atakayewajibika kwa walioambiwa hawatakufa wakafa? Mtunzi wa Lindi na kamanda wa tamthilia wasingekubaliana hata kidogo juu ya Mjerumani, lakini juu ya maji wangekaa mkeka mmoja. Tamthilia haikuifuta sauti ya Abdul Karim. Imeichukua, ikaitoa ushenzi na ustaarabu wake, ikaitia kinywani mwa mpiganaji mwenye majeraha, na hapo ikawa sauti isiyoweza kutupwa. Aliyeusoma utenzi huisikia. Asiyeusoma hudhani Kitunda amechoka tu.

Upungufu wa tamthilia nao usemwe. Wanawake walioufungua mchezo wanasukumwa pembeni vita vinapokaribia, ilhali njaa ya baada ya vita iliangukia majumbani, penye vyungu na watoto. Hapo wote wawili, mshairi na mwandishi wa tamthilia, wamekutana katika upofu mmoja: mizani zao zimepima shahidi na mwongo, mpiganaji na mganga, na hazikupima sana aliyebaki na watoto bila ya mbegu.

Mwaka ule ule

Kinjeketile ilitoka mwaka 1969. Taifa lilihitaji babu wa kujivunia. Nyerere mwenyewe, mwaka 1956 mbele ya Umoja wa Mataifa, alikuwa amevitaja vita vya Maji Maji kuwa ushahidi wa watu waliokataa kutawaliwa, huku TANU ikiuchukua umoja ule na kuacha silaha. Miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, neno umoja lilikuwa limekaa juu ya maneno yote.

Lakini wakati tamthilia ikiingia mitamboni, bondeni kwa Kinjikitile palikuwa na jambo jengine. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali iliendesha Operesheni Rufiji, na hadi mwaka 1969 maelfu ya wakulima walikuwa wamehamishwa kutoka bonde la mafuriko na kuwekwa katika vijiji vya juu, penye mchanga. Waliohamisha walitanguliza salama na maendeleo: skuli, zahanati, watu wasisombwe na maji. Waliohamishwa walikuwa na hesabu nyengine. Kwao mto huchukua na mto huleta; mafuriko yakishuka huacha udongo mweusi, na katika udongo huo hupandwa mlau, mazao ya baada ya maji, ambayo huiokoa familia pale mpunga unaposhindwa. Kuhamishwa juu ni kuokolewa na mto na kunyimwa mto kwa pamoja. Wengi walirudi kulima bondeni, wakitembea masafa marefu.

Hakuna aliyekuwa mwovu hapa pia. Lakini tamthilia ilikuwa imekwisha kusema lililo muhimu: neno likizaliwa halimsikilizi tena aliyelizaa. Neno umoja, ambalo katika mchezo liliwakusanya watu wa Rufiji kwa hiari yao, lilitumika bondeni kuwakusanya wajukuu wao kwa amri. Msomaji aliyetanguliza maendeleo hakuiona kejeli hiyo mwaka 1969. Aliyetanguliza hiari ya mkulima angeiona kila ukurasa. Mjadala wa aina hiyo umerudi katika siku zetu kwa bwawa la umeme la megawati 2,115 lililojengwa kwenye mto huo huo na kupewa jina la Nyerere. Na mwezi Aprili 2024, mafuriko yalipofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, kila mtu alilitazama bwawa kwa mizani aliyokuwa nayo tangu zamani.

Neno likikosa msemaji

Kibiti, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Rufiji hadi katikati ya muongo wa 2010, imeongeza jengine lisilofaa kukwepwa. Baina ya mwaka 2015 na 2017, viongozi wa vijiji, wanachama wa chama tawala na polisi waliuawa mmoja baada ya mwengine Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Mwezi Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa kuviziwa siku moja. Bodaboda zilipigwa marufuku usiku, na watu wakaogopa wauaji na kuogopa kushukiwa. Mwandishi wa habari wa Kibiti, Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika juu ya mauaji hayo, alitoweka tarehe 21 Novemba 2017, na hajulikani alipo hadi leo.

Wako ambao kila damu inapomwagika Rufiji huikimbilia tarikh ya 1905 na kutaka kuunga kamba. Kamba hiyo haiungiki. Watu wa Ngarambe walikuwa na neno: walilinong'onezana kijiji kwa kijiji, walilijadili, walisafiri siku nyingi kwenda kulisikia kwa masikio yao. Waliowaua wenyeviti wa vijiji hawakusema na umma neno lolote lililoweza kujibiwa. Palipokosekana neno hapakuwa na Kinjeketile wala Kitunda, bali maiti na khofu.

Lakini uchungu wa Kibiti unabadili namna ya kuisoma tamthilia, na unafaa kuibadili. Msomaji aliyekaa salama huweza kumshangilia Kinjeketile anapokataa kukana, kwa kuwa si yeye atakayezika. Msomaji wa delta, aliyeishi miaka miwili akikisia ni jirani gani atafuata, huenda akamsikia Kitunda kwanza. Anajua thamani ya roho moja. Tena, baada ya mwandishi kutoweka, anajua pia kuwa ukweli usiosemwa kwa ajili ya kesho unaweza kugeuka ukweli usiosemwa kabisa. Kunyamaza kwa Kinjeketile kulikuwa ni chaguo la mtu mmoja juu ya uhai wake mwenyewe. Kunyamaza kunaposambaa mji mzima huwa ni kitu chengine, na hakistahili sifa ile.

Hukumu

Ni ipi basi kati ya tungo hizi iliyosema kweli? Utenzi ulisema kweli juu ya maji, ukakosea juu ya watu. Tamthilia ilisema kweli juu ya watu, na juu ya maji haikujifanya ina raha. Kukosa raha huko ndiko kulikoifanya iishi, na wanaoifundisha kwa kumwondolea msomaji dukuduku lake wanaiua.

Taifa limechagua kuisoma nusu ya tamthilia na kuuacha utenzi wote. Nusu iliyochaguliwa ni ile inayopendeza: umoja, ushujaa, kizazi kijacho. Nusu iliyoachwa ni Kitunda, na nyuma ya Kitunda yuko mshairi wa Lindi na karatasi yake. Wenye kutanguliza uhuru wanawahitaji watu hawa kuliko wanavyodhani, kwani ndio watakaowauliza, kabla ya neno kutoka, ni nani atakayelilipia. Na wenye kutanguliza amani wanamhitaji Kinjeketile, asije akatokea mtu akawaambia kuwa mgongo uliochapwa ukanyamaza ndio mgongo wenye adabu.

Utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini umebaki katika maktaba za wachache, na wasomaji si wengi waliowahi kuushika mkononi. Unastahili kuchapishwa upya kwa Kiswahili chake, pamoja na sherehe ya maneno yake, na kuwekwa mezani karibu na Kinjeketile, katika skuli za visiwani na katika skuli za Mohoro na Kibiti. Mwanafunzi apewe vyote viwili, asiambiwe ni kipi cha kukipenda. Akimaliza kuvisoma aulizwe swali moja tu: je, ungekuwa Kitunda katika gereza lile, ungemwambia nini rafiki yako? Jawabu atakalotoa halitakuwa khabari ya mwaka 1905. Litakuwa khabari yake yeye, na ya nyumba aliyotoka.